Wateja wa Ndani ya Miwani

Kaka Masele, shikamoo.

Huku Pasiansi mvua imenyesha, na kuku wako wote wapo, isipokuwa yule tuliyemla.

Baba sasa anafanya mazoezi ya kiharusi kwa dada Ishrat, mtaalamu wa viungo, anayemvalisha miwani mikubwa ya kompyuta. Humo baba anaona soko na wateja wanaomwomba machungwa. Anatakiwa awape kwa mkono wa kushoto, ule uliolegea. Hausogei. Usiposogea kufikia Ijumaa, nafasi yake atapewa mgonjwa mwingine.

Lakini nyumbani nimeuona mkono huohuo ukifukuza nzi. Nikamuuliza.

"Nimpe mtu kitu kwa kushoto? Mimi nimelelewa, Odeta."

"Baba, wale si watu, ni picha."

"Mbona wananisalimia?"

Nilimweleza Ishrat, akacheka, ila mashine yake haina mchezo mwingine. Kaka, wewe ndiye mkubwa wetu, wewe anakusikiliza. Mpigie leo, umruhusu awakosee adabu wale wateja. Hawamjui, hawatamsema popote. Vidole vya mkono ule vimeanza kujikunja, na kila asubuhi naogopa kuvitazama.

Mdogo wako anayekaa karibu na simu,
Odeta