Mguu Mfupi, Farasi Wawili na Nusu

Mzee wangu,

Niaje huko? Najua hukupenda salamu za vijana, lakini leo mwenye kalamu ni mimi. Mwalimu wangu wa kidato cha pili, aliyenifukuza kabla sijamuaga, angeshangaa kuona nimefika mstari huu bila kuchora gari. Nivumilie. Siwezi kukaa chini. Nimeanza nikiwa nimesimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Chumba changu cha hapa mjini, mtaa wa Pipeline, ni hatua mbili tu kutoka kitanda hadi dirisha, na tangu asubuhi nimeshazipiga za kunifikisha soko la Muthurwa na kurudi.

Kisa ni mama na ile mashua yako.

Unakumbuka ulivyoijenga kule mtaa wa Baba Dogo, nyuma ya kiwanda chenu, kwa mbao za masanduku ya mashine? Kila Jumapili ukitoka kanisani, suruali ya ibada ukaikunja, nyundo mkononi. Majirani walipita wakikuuliza, "Baba Nuhu, mvua ni lini?" Nawe bila kuinua kichwa: "Cheka tu. Wanyama nimeshachagua, na wewe haumo." Mimi shuleni nilitangaza kwamba baba yangu anaunda meli. Ilipopakiwa kwenye lori kwenda ziwani ndipo nikaona kumbe ni ya watu wanne na mbuzi mmoja mtulivu. Sikurekebisha habari.

Sasa anayeitumia ni mama. Tulipokuzika alibaki nyumbani kule ziwani, na kila wiki namtumia mfuko wa mitumba ninayomchagulia Muthurwa. Alhamisi anapakia nguo, anapandisha tanga, anavuka ghuba kwenda sokoni. Mwezi uliopita upepo ulikufa katikati ya maji. Magugu yakamzunguka. Akapiga kasia kwa sinia, mzee, lile sinia la chapati, kuanzia saa sita hadi jua linashuka. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka. Unajua hajui kuogelea.

Najua utasema nini. Ulisema mara nyingi: "Injini ni ya mtu asiyejua kuongea na upepo." Sawa. Siku hiyo upepo haukushika simu.

Nikaenda kwa Mama Halima, yule muuzaji wa pampu na jenereta karibu na Muthurwa, aliyeongeza injini za mashua juzi juzi. Niliingia kifua mbele.

"Nipe injini ya nguvu za farasi kumi na tano."

"Mashua yako ina urefu gani?"

"Futi kumi na mbili. Ina tanga."

Alinitazama kama vile nimeomba simba wa kulinda kuku. "Mdogo wangu, ukifunga hiyo nyuma, mashua itainua pua kama mbwa anayeomba mfupa. Mama yako atasafiri akiangalia mawingu."

Akanieleza taratibu. Chombo chenye tanga hakihitaji injini ya kushindana. Kinahitaji ya kukirudisha nyumbani upepo ukigoma. Farasi wawili na nusu wanatosha. Iwe nyepesi, mama aweze kuiinua peke yake, na isiwe ile ya kuchanganya oili na petroli, maana siku moja atasahau. Nilikubali polepole, nikijifanya ndivyo nilivyokuwa nikifikiria.

Kisha akauliza, "Mguu mrefu au mfupi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe mguu ni ule mti unaoshuka majini ukiwa na propela chini. Ubao wa nyuma ukiwa juu na mguu mfupi, propela inakunywa hewa na kupiga kelele bure. Ubao ukiwa chini na mguu mrefu, inalima mawe. Kila kitu ni kimo cha ubao wa nyuma.

Nikampigia mama, nikamuuliza mashua imeandikwa nini kuhusu kimo hicho. Akasema, "Baba yako aliandika kwa rangi hapa ndani ya mashua: nyuma, shibiri mbili." Basi nikatandaza mkono juu ya kaunta, mkono huu wa golikipa aliyeogopwa mtaa mzima, mara mbili. Mama Halima akaweka futi: inchi ishirini kamili. Mguu mrefu. Niliibeba begani kupita katikati ya soko kama kitu nilichonyang'anya vitani.

Jana mchana nikaijaribu juu ya ploti, kwenye paa la jengo letu la kupanga, kwenye pipa la maji ya kununua, pale wanapoanika nguo. Iliponguruma majirani walitoka wote. "We!" mmoja akapiga kelele, "unataka kuhamisha ploti na sisi ndani?" Nilifurahi sana. Nikampigia mama nijisifu.

"Nimechukua mguu mrefu, mathe. Shibiri mbili, kamili."

"Shibiri mbili za nani?"

"Zangu. Za nani tena?"

Akaguna: "Yawa, mtoto huyu! Baba yako alipima kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vingapi?"

Nilikaa. Mzee, hapo nilikaa kabisa, juu ya ndoo.

Mashine ya kiwanda ilikula kidole chako cha mwisho kabla sijazaliwa. Mimi sikukijua kama pengo. Nilijua mkono wa baba uko hivyo. Ukimpa mtu mkono ulikuwa unamwambia, "Pokea salamu, imeshakatwa ushuru." Miaka mitatu tu umelala, na mimi nimeshakurudishia kidole bila ruhusa yako.

Na pale kwetu ufuoni ni mawe na maji ya magoti. Ule mguu mrefu ungegonga siku ya kwanza, na mama angekaa tena na sinia lake, mara hii na injini iliyokufa juu.

Alichukua futi ya kushonea, akapima ubao. Inchi kumi na tano. "Mbona hukupima tangu mwanzo?" nikamfokea.

"Hukuniambia nipime. Uliniuliza imeandikwa nini."

Nikarudi dukani mbio. Mama Halima akauliza kama nimeilowesha. "Kwenye pipa tu, mama. Maji safi kuliko ya ziwa." Akatikisa kichwa, akabadilisha. "Nyinyi wanaume mnapima kwa majivuno," akasema. Nikakubali, andika tarehe.

Sasa iko hapa kitandani, mguu mfupi, inanukia upya, na mimi ndiye niliyesimama. Nilipanga kuituma kwa basi kama mzigo. Mama akaniuliza, "Nani ataifunga? Wewe hujaja tangu tumzike baba yako. Unatuma mifuko. Mimi ni duka?"

Mzee, nimetafuta mzaha wa kumjibu tangu jana. Haupo. Ukweli ni kwamba nikiwa mjini bado naweza kujiambia uko kazini.

Kesho nasafiri. Alhamisi mama atashika tanga, mimi nitashika injini, na mimi pia sijui kuogelea, usimwambie. Lakini kabla ya ziwa nitapita hapo ulipolala. Usinitarajie nilie. Nitakuwa nimeibeba, na mtu aliyebeba injini kwa mikono miwili hana mkono wa kupangusa macho.

Lala salama, mzee, na uache kucheka.

Ni mimi kitinda mimba wako, yule wa mdomo