Nusu Haikutosha, Mwaitu

Kumbukumbu ya Muthoki wa Nzomo, wa Kasikeu, Makueni

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Mwaitu, mama yetu, tangu asubuhi ile ya mwezi wa saba ulipoanguka kando ya pipa la maji ukiwa na sufuria mkononi. Watu walituambia mwaka ukiisha tutapata nafuu. Umeisha, na bado tumechoka.

Tunaandika sisi watu wa nyumba yako, lakini mengi hapa ni ya Ndunge, kifungua mimba wako, maana yeye ndiye uliyemwachia mzigo bila kumwambia.

Kuanzia Kasikeu hadi Salama watu wanakukumbuka kwa lile darasa lako. Kila Jumapili baada ya ibada, vijana walibaki kwenye ukumbi wa kanisa, ukawafundisha jinsi nyumba inavyookoa kidogo kidogo. Mche wa sabuni ukinunuliwa haukugusa maji siku hiyo. Uliukata vipande kwa kile kisu chako chembamba, ukavipanga juu ya kabati vikauke wiki mbili, kwa sababu sabuni mbichi huyeyuka upesi. Ukawaonyesha na kikapu chako kilichojaa mablanketi makuukuu. Isyo, mahindi na maharagwe yaliyolowekwa tangu jana yake, ilichemka kidogo tu, kisha sufuria ikaingia kikapuni, ikafunikwa, ikajimalizia kuiva yenyewe bila kuni. "Sasa nyinyi, wacha niwaulize," ulikuwa ukisema, "moto unapika isyo ama unapikia hewa ya Makueni?"

Na kulikuwa na swali lako. Uliwakaririsha kama mstari wa Biblia: kabla ya kumimina, kukata au kununua, jiulize, nusu haitatosha? Nusu kijiko cha sukari. Nusu mshumaa. Nusu ya ile dawa ya meno unayotaka kuweka kwenye mswaki.

Sisi nyumbani tulikucheka. Dawa ya meno ikikataa kutoka, uliipasua kwa makasi ukakwangua ndani, na Kitonga, mwanao wa pili, aliwaonya wageni wasilale karibu nawe, usije ukawapasua uone kama kuna kilichobaki. Simu yako haikuwahi kumpigia mtu, ilibipu tu. Ulicheka kutushinda sote. Na hatukulala njaa, Mwaitu, hata ile miaka mvua ilipotupita ikaenda zake. Tunakushukuru kwa hilo, na tunataka lisomwe kabla ya mengine.

Hospitalini daktari alituuliza jambo moja mara tatu: alikuwa anameza dawa za presha? Tukaapa. Kila siku baada ya chai ya asubuhi, mbele ya macho yetu, hakukosa hata siku moja. Daktari akatikisa kichwa, akaandika kitu, akaondoka. Siku ya nne ulituacha.

Baada ya mazishi Ndunge alipanga kabati yako. Nyuma ya vipande vya sabuni alikuta kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na vidonge vya presha, vyote nusu, vimekatwa sawasawa kama sabuni. Ndunge hakuhitaji kuambiwa huo ulikuwa mkono wa nani. Alikaa kitandani kwako na kopo mapajani mpaka chai ikapoa jikoni. Ulikuwa umejiuliza lile swali lako, ukajijibu kwamba nusu itatosha.

Tulijua dawa za bure zilikuwa zikikosekana miezi mingi, na kwamba za kununua ni bei ghali. Kitonga alichukua kalamu apige hesabu uliokoa kiasi gani, Ndunge akamnyang'anya. Baba akasema kopo lirudi lilikotoka na maneno yaishie hapo. "Msinifanyie mama yenu aonekane mjinga mbele ya watu," akasema. Tukanyamaza.

Lakini mchungaji alikuwa ameshatangaza kaburini kwamba darasa litaendelea na mwalimu ni Ndunge. Nani hukataa jambo kaburini? Ndunge ni fundi wa nguo. Siku sita anakanyaga cherehani sokoni, na ya saba akaanza kusimama mahali pako akifundisha nusu. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane. Kopo hakulirudisha, lilikaa ndani ya mkoba wake kila Jumapili. Vijana walipoitikia "nusu haitatosha?" kwa sauti moja, aliubana mkoba kwapani, na alirudi nyumbani amechoka kuliko siku za kazi. Aliogopa kwamba kati ya wale vijana yuko mmoja atakayelibeba swali lako nyumbani na kuliweka mahali lisipofaa, na yeye atakuwa alijua akanyamaza. Na kama angesema, jina lako lingezungushwa sokoni vibaya, na Baba asingemsamehe. Alibeba yote mawili miezi hiyo yote.

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, Gedion, yule wa bodaboda ambaye hawezi kukaa bila utani, akainua mkono.

"Madam, kwani hakuna kitu nusu haitoshi? Juu mimi nilijaribu petroli nusu, nikaenda Salama nikisukuma piki na mkono."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndunge hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa kopo, akamwaga zile nusu mezani mbele yao. Akawaambia ni za nani, na jinsi ulivyoanguka.

Kisha Kaluki, yule wa kidato cha nne wa benchi la pili, ambaye hata wewe ulilalamika humsikii sauti, akasema akiangalia chini, "Hata mamangu hukata. Mimi ndio nilimfunza. Nilimwambia hiyo swali ya nusu."

Ndunge alifunga darasa papo hapo. Vijana saba wakafuatana naye kwa miguu hadi kwa kina Kaluki, wakamkuta mama yake uani akipepeta ndengu, akashangaa kuona nusu ya kanisa imemjia bila taarifa. Kesho yake Gedion alimpeleka kliniki bila kumlipisha. Presha ilikuwa juu hivi kwamba nesi alimpima mara ya pili akidhani mashine imeharibika. Yuko hai, Mwaitu. Anameza kizima, na siku dawa zikikosekana Kaluki huja kutuambia.

Habari zilimfikia Baba kabla ya Ndunge kufika nyumbani. Ndunge alimkuta amesimama mlangoni. "Mmemwanika mama yenu!" akafoka. Ndunge alikuwa amechoka hata kujitetea. Alimweleza tu habari za mama ya Kaluki, na alichosema Kaluki, neno kwa neno. Baba akaondoka, akaenda zizini kwa mbuzi, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi aliketi kwenye kiti chako, kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu uende.

"Mimi nilimwona," akasema. "Nilimwona akikata, hapa hapa mezani. Nikacheka. Nikamwambia, wewe Muthoki, hata ugonjwa utaubania?"

Akalia mbele ya watoto wake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi. Sote tulicheka, Mwaitu. Tulicheka makasi, tukacheka simu, na kama tungekuona na kile kisu na kile kidonge tungecheka pia. Ndunge alimmiminia chai, akaweka sukari kijiko kizima, akakaa karibu naye.

Hatukulaumu, ingawa kuna siku tunakukasirikia sana. Ungetuambia. Kitonga angeuza mbuzi, Ndunge angeshona hata Jumapili. Ulijua kumwambia kila mtu apunguze, lakini kusema "naombeni mniongezee" hukujua, na sisi hatukukuuliza.

Baba ndiye aliyesema tuandike, na tusifiche kitu. Amesema pia darasa liendelee, kwa hivyo linaendelea. Sabuni bado tunaikata, na kikapu bado kinaivisha isyo. Ila siku hizi vijana wakimaliza kukariri swali lako, Ndunge huwauliza ni kitu gani hakigawanywi, na Kaluki ndiye hujibu wa kwanza.

Jumamosi hii saa nne asubuhi tutakuwa na maombi nyumbani Kasikeu. Hatutakodisha hema, tunajua ungesema nini. Chakula ni isyo ya kikapu. Nesi yule wa kliniki atakuwepo na mashine ya kupimia presha. Anayemeza dawa aje nazo, na kama anazikata, aje tu. Hatutamcheka.

Unakumbukwa na mumeo Nzomo, wanao Ndunge na Kitonga, wajukuu wako, kaka yako Musyimi wa Nuu, na vijana wote wa darasa lako.

Tumechoka kwa mengi mwaka huu, Mwaitu. Kukukumbuka hatutachoka.