Ufunguo wa Kibanda cha Chai

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Malaba mimi ni mzima. Shangazi yako amehamia Funyula, kwa hivyo nyumbani nimebaki na kuku tu. Unaniuliza kwa nini kampuni zinakuita udukue kompyuta zao uwaonyeshe palipo wazi, halafu saa ya chakula hakuna anayekaa nawe.

Miaka ya sabini, nikiuza chai hapa mpakani, babu yako alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, hata hatujaoana. Aliweza kulegeza kamba ya turubai bila kugusa sili, ule muhuri wa forodha. Siku moja, mchana kweupe, akamwita dereva mmoja: "Mzee, ona, mkono unaingia hapa." Akautia, akautoa mtupu, akamfundisha kufunga upya. Dereva alishukuru. Lakini tangu siku hiyo, madereva wakimwona anakaribia, walisimama kando ya mizigo yao. Akawa anakunywa chai peke yake.

Nikamuuliza, "Si ungenyamaza tu?"

"Dada, nikishaliona tundu silali. Mwizi pia ana macho."

Wiki hiyo nilimpa ufunguo wa kibanda changu. Hakuuhitaji ili aingie, na ndiyo sababu nilimpa.

Ni mimi, nyanya yako.