Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 3 Machi
Nimechapa matangazo ya kanisa, kisha barua mbili za harusi. Mgongo unauma. Skrini ya ofisi haijizimi tena ikiachwa. Vijana wa kwaya wameiweka isilale, maneno ya nyimbo yasikatike ibadani. Sasa nikienda msalani tu, aliye kwenye kiti cha wageni anasoma kila kitu.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuta pa kubadilisha. Inadai neno la siri la kiongozi wa kwaya. Nimempigia. "Kesho, mama." Kesho yao naijua.

Alhamisi, 6 Machi
Bonface, mwana wa Mzee Shikanga wa Shinyalu, ameleta karatasi. Hospitali imemrudisha baba yake nyumbani, hakuna la kufanya tena. Bonface anataka wasifu wa marehemu uchapwe mapema, wasije wakakimbizana. Marehemu! Mtu bado anakunywa chai. Nilipaswa kukataa. Nimechoka, nikaanza kuchapa. Watoto: sita. Tarehe ya kufa nimeweka nukta.

Ijumaa, 7 Machi
Najichukia. Nilitoka kidogo kuwafungulia akina mama ukumbi. Kurudi, Mzee Shikanga mwenyewe amekaa kwenye kiti cha wageni, miwani puani. Alikuja kumwona mchungaji. Skrini inawaka, jina lake juu kwa herufi kubwa. Nikanyoosha mkono nizime, akaushika.
"Ngoja. Hii husomwanga kwa mazishi, si ndio?"
Nikasema ndio. Ningesema nini?
"Umeandika watoto sita. Mimi niko na saba. Weka Mmbone."
Mmbone ni binti aliyemzaa huko Mumias kabla ya kuoa. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Nikamwambia Bonface atakataa.
"Andika nikiona."
Nikaandika. Akatia sahihi nakala mbili. Moja yake, moja ya mchungaji. Hakunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 9 Machi
Bonface ameiona nakala ya baba yake, akanifokea mlangoni, watu wakisikia. Eti nimemuua baba yake kabla ya siku zake. Nifute hilo jina, la sivyo atanipeleka kwa wazee wa kanisa nifukuzwe. La kwanza ni kweli, nimemwomba msamaha. Jina sifuti.

Jumatatu, 10 Machi
Kiongozi wa kwaya amefika. Dakika moja tu ya kazi. Skrini inajizima sasa. Imesaidia nini?

Jumatano, 19 Machi
Mzee ametutoka jana. Nimejaza tarehe. Nimelia, kisha nikachapa nakala mia mbili.

Jumamosi, 22 Machi
Mazishi, Shinyalu. Jua kali. Mchungaji alisoma mwenyewe, akawaita watoto mmoja mmoja wasimame mbele. Sita wakasimama. Akaita Mmbone. Mwanamke akainuka nyuma kabisa, kwenye nyasi walikokaa majirani, akapita katikati ya watu bila kumtazama yeyote. Bonface aliangalia viatu vyake. Kisha akasogea hatua moja, akampa nafasi.
Nimerudi nyumbani Amalemba saa kumi na moja. Miguu imevimba.