Kiti cha Kijani Kwenye Theluji

Chicago,
Jumapili, 11 Januari 1987

Bibi Earline,

Shikamoo. Goti lako limeamkaje? Na kifua? Mwambie jirani yako Mama Broussard asikutilie chumvi nyingi kwenye chakula, hata ukimbembeleza. Mimi ni mzima, ila masikio sina habari nayo tangu Jumatano. Yapo, nimeyashika, lakini hayanijibu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu ya maneno, halafu nusu nyingine unaijaza mwenyewe.

Bibi, nimechanganyikiwa. Unajua walivyotufungia ofisi ya Houston bei ya mafuta ilipoanguka, wakanileta huku kwa majaribio. Sasa bosi wangu, Bwana Hasek, anasema makarani wote tuliotoka Houston tuchague mji wa kuhamia moja kwa moja: Chicago, Boston au Phoenix. Jibu analitaka kabla Februari haijaisha. Asiyechagua hana kazi. Houston haimo.

Nimejaribu kuilinganisha hii miji kwa utulivu, kama ulivyonifundisha kulinganisha nyanya sokoni, na nimeshindwa. Chicago sihitaji gari, treni inapita juu ya vichwa vya watu, na ziwa lake ni bahari iliyosahau chumvi. Lakini upepo unakupekua kama askari. Boston nilikaa wiki moja ya mafunzo, mwezi wa Novemba. Nilimwuliza mtu njia, akanifokea kana kwamba nimempoteza yeye, kisha akanisindikiza hadi mlangoni. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumshukuru au kumwomba radhi. Vyumba vya huko ni vya njiwa, kodi ni ya kasri. Phoenix nyumba ni kubwa na anga ni safi, lakini Fontenot, tuliyekuwa naye ofisini, ameshahamia na anasema mchana wa Julai hata mbwa hawabweki. Nikiamka nataka Phoenix. Nikifika kazini nataka Boston. Nikirudi chumbani sitaki popote.

Linalonitisha zaidi nakuambia wewe tu. Mtu aliye kwenye majaribio ana kwao. Nikishatia sahihi mji mwingine, kwetu patabaki kuwa kwetu? Binamu Alcide ameshakuuliza kuhusu chumba changu? Najua anakimezea mate. Nichagulie wewe, Bibi. Au niambie nirudi.

Nina habari njema moja. Chumba changu hakikuwa na kiti, nilikuwa nakula nimesimama kama farasi. Ijumaa, baada ya theluji kubwa, nilikuta kiti cha jikoni cha kijani, kizima kabisa, kimetupwa barabarani nje ya nyumba ya tatu kutoka hapa. Watu wa huku wanatupa vitu vizuri! Nimekibeba. Ndicho ninachokalia sasa hivi.

Mjukuu wako,
Lucien


Chicago,
Jumapili, 18 Januari 1987

Bibi,

Shikamoo. Jibu lako halijafika, na siwezi kungoja. Natumaini huko mko salama na goti limetulia.

Mtaa huu una mambo nisiyoyaelewa. Pale nilipookota kiti palikuwa pamechimbwa vizuri, theluji imetolewa hadi lami inaonekana. Siku iliyofuata mtu akaja akaegesha gari lake la mizigo hapo. Asubuhi yake gari lilikuwa limemwagiwa maji, limeganda lote, vioo, milango, kama keki iliyopakwa sukari. Hakuna aliyeshangaa. Nilimwuliza mama mwenye nyumba, Bi Wanda, huyo mtu amekosa nini.

"Amekosa nini? Si amekaa mahali pa Stanley!" akasema. "Na yule mwizi wa kiti, siku tukimjua, huyo tutamgandisha mwenyewe."

"Kiti gani?" nikauliza.

"Cha kijani. Kwani wewe umekiona?"

Nikasema nimechelewa kazini. Ilikuwa Jumapili.

Sasa nieleze, barabara si ya serikali? Mtu anawezaje kuimiliki kwa kiti? Kazini nilimpigia karani wa Boston nikamwuliza kwa kuzunguka. Akasema kwao huweka pipa la taka au ubao wa kupigia pasi, na kwamba mtu mwenye akili haugusi. Nikampigia Fontenot wa Phoenix. Akauliza, "Theluji ndiyo nini?" Basi nimezidi kuchanganyikiwa. Nilidhani nachagua mji kwa kodi na hali ya hewa, kumbe kuna mambo hayaandikwi popote, na mimi nimeshayakosea kabla ya kuyajua.

Kiti nimekifunika shuka. Nimerudi kula nimesimama, safari hii kwa hofu.

Mjukuu wako,
Lucien


Houston,
23 Januari 1987

Mume wangu mwizi,

Marahaba. Goti linauma, kifua hakina neno, na Mama Broussard ananinyima chumvi tangu aliposikia maagizo yako, kwa hiyo ukirudi tutasemezana. Barua zako mbili zimefika siku moja. Nimezisoma kwa sauti, na Mama Broussard amecheka mpaka meno yametoka. Unajua yale meno yake hutoka kweli.

Lucien, hukuokota kiti. Umebeba kiwanja cha mtu. Dada yangu Odile, Mungu amlaze pema, aliishi Chicago miaka mingi na alinisimulia. Mtu akichimba theluji mpaka kiuno kinalia ili gari lake lipate pa kukaa, akitoka anaacha kiti pale. Kiti kinasema: mwenyewe katoka, anarudi. Theluji ikiyeyuka kiti kinarudi jikoni na barabara inakuwa ya wote. Desturi hiyo haijaandikwa, ndiyo maana wanaiheshimu. Ungeuliza! Lakini sisi wa Houston theluji tunaiona kwenye kadi za Krismasi, kwa hiyo nakusamehe nusu.

Kirudishe. Mchana, mlangoni, kwa mdomo wako. Usikitupe pale ukakimbia kama paka. Nakujua.

Kuhusu mji, sikuchagulii. Nikisema Boston ukapata mafua, ni Bibi. Nikisema rudi, ukashinda barazani na wenzako mkitazama magari ya watu wanaohama, ni Bibi tena. Nimekulea ili uwe na miguu yako.

Alcide ameuliza, ndiyo. Jana amekuja kupima kitanda chake kama kitaingia.

Jumatatu nilipika maharage mekundu kwa sufuria ile ile kubwa. Sijui kupika kidogo, sikuwahi kujifunza.

Bibi yako,
Earline


Chicago,
Jumapili, 1 Februari 1987

Bibi,

Shikamoo, na pole kwa goti. Chumvi kidogo nimeruhusu.

Ulinijua. Nilikimbia kama paka.

Jumatano alfajiri nilikibeba kiti nikakiweka barabarani. Lakini theluji mpya ilikuwa imeanguka na nyumba za mtaa huu zimefanana kama mapacha. Nilikiweka nje ya nyumba isiyo ya mwenye kiti. Nilikiweka kwa Bwana Duda, ambaye hajasemezana na Mzee Stanley tangu sijui lini. Nilikuwa nachemsha kahawa niliposikia kelele.

"Duda! Unaniibia kiti, halafu unakianika mlangoni kwako! Hata haya huna?"

"Kiti chenyewe kile? Mimi nikiamua kuiba, naiba sofa!"

Majirani walitoka na majoho ya kulalia. Mzee Stanley ameshika beleshi, Duda ameshika kiti, kila mmoja anavuta upande wake. Nikashuka, Bibi, na kandambili kwenye theluji. Sauti ilitoka kama ya mtoto.

"Ni mimi."

Wakanigeukia wote. Nikaeleza. Nikasema ninatoka Houston. Bi Wanda alikuwa ngazini, akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Houston! Ndiyo maana Jumapili ulichelewa kazini!"

Mzee Stanley hakufoka, na hilo lilinitisha kuliko kufoka. Alisema mkewe, Bi Halina, husafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki na hawezi kutembea kwenye barafu, kwa hiyo gari lazima lilale karibu na ngazi. Lile gari la mizigo lilipokaa pale, alimbeba mkewe mgongoni kutoka mtaa wa pili. Mzee wa miaka sabini na mmoja. Natamani angenipiga.

Kisha akaniuliza, "Umekikalia?"

"Ndiyo, mzee."

"Kinayumba?"

"Mguu wa nyuma, kidogo."

"Basi sasa unajua kwa nini kinakaa nje."

Akanipa beleshi. Tangu siku hiyo namchimbia kila asubuhi kabla ya kazi. Bi Halina hunipitishia supu ya viazisukari vyekundu dirishani, rangi yake ya kutisha, ladha yake nzuri. Duda naye husimama barazani kwake kunikosoa: "Wewe wa Houston! Hiyo theluji unaichimba au unaipapasa?"

Bwana Hasek ameniuliza tena kuhusu mji. Nimemwambia nafikiri, naye akasema Fontenot alifikiri dakika tano. Na wewe, Bibi, hukumaliza habari yako. Alcide alipima kitanda, kisha?

Mjukuu wako,
Lucien


Chicago,
Jumapili, 22 Februari 1987

Bibi,

Shikamoo. Mwezi mzima hujaniandikia. Kila nikirudi nyumbani nachungulia sanduku la barua mpaka Bi Wanda ananiuliza kama nimeposa mtu. Juzi nilishindwa, nikampigia Mama Broussard. Amesema u mzima ila "unashughulika na mlango." Mlango gani? Akacheka, na simu ikakatika. Nadhani meno yalitoka.

Nimewaza kwamba umekasirika. Nimewaza kwamba Alcide ameshahamia na unaona vibaya kuniambia. Kama ndivyo, niambie tu.

Ijumaa nilikwenda kwa Bwana Hasek. Njiani nilikuwa wa Phoenix. Kwenye ngazi nilikuwa wa Boston. Nilipofungua mdomo nikasema Chicago, kwa sauti kubwa hadi akaniuliza kama nina homa.

Nitajaribu kukueleza, ingawa mwenyewe sielewi vizuri. Asubuhi hiyo tulipokuwa tunachimba nilimwuliza Mzee Stanley kama Chicago ni pazuri pa kuishi.

"Pabaya," akasema. "Baridi. Wanasiasa wezi. Pa kuegesha hakuna."

"Sasa mbona hukuhama, mzee?"

Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini hakuhama mwilini mwake. "Kijana, mimi nimeshachimba."

Nilikwenda na neno hilo njia nzima kwenye treni. Phoenix sina nilichochimba. Boston sina. Hapa nina shimo moja, tena si langu. Sababu ya kipumbavu kuchagulia mji, najua. Lakini nikilinganisha tena, hii ndiyo pekee ninayoishika mkononi.

Nimetia sahihi, Bibi. Sasa naogopa kuliko mwanzo, kwa sababu Houston nimeondoka kwa kweli. Niandikie hata mstari mmoja.

Mjukuu wako,
Lucien


Houston,
1 Machi 1987

Mjukuu wangu Lucien,

Marahaba. Ni mzima, sikukasirika. Nilinyamaza makusudi. Habari hii ingekufikia kabla hujachagua, ungepanda basi la kwanza ukarudi, kisha ungenilaumu maisha yako yote. Sasa umeshachagua, isome.

Alcide alikuja na kitanda kwenye pikapu. Nilimwona kupitia dirishani. Nikachukua kiti chako, kile unachokalia mezani kilichoungua na pasi, nikakiweka katikati ya mlango wa chumba chako.

"Bibi, hicho kiti cha nini?" akauliza.

"Mwenyewe katoka, anarudi."

"Bibi, hii ni Houston! Theluji iko wapi?"

"Wewe kisogeze, uone hilo pikapu lako litakavyooga."

Akafikiri nafanya mzaha. Akarudi mara tatu, na kila mara alinikuta mlangoni na ndoo. Wiki iliyopita amepata chumba kwa akina Thibodeaux, na Mama Broussard bado anasimulia kanisani.

Kufagia chumba chako sasa kazi, maana kila nikipita goti linagonga kile kiti. Nimezoea.

Huko kwenu theluji ikiyeyuka, Mzee Stanley atarudisha kiti chake jikoni. Mimi changu sikitoi.

Bibi yako,
Earline