Jumbe Saba kwa Jina la Gentille

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi cha Baraka, territoire ya Fizi, Kivu ya Kusini
Jumatano, tarehe 18 Septemba 2024, saa mbili na nusu asubuhi

Jina: Arlette Asukulu Byaombe
Umri: miaka 26
Kazi: msanifu wa mifumo ya data, licence ya informatique (shahada ya kompyuta), Bukavu, kwa distinction (alama za juu)
Makazi: Baraka, kwa wazazi

Nimefika kituoni kwa hiari yangu, bila kuitwa, kwa sababu moja. Wilfried, dereva wa pikipiki wa Misisi anayepeleka mizigo ya kampuni yetu, aliyewekwa ndani tangu Jumapili, hakumficha binti wa mtu. Binti anayedaiwa kufichwa hakuwahi kufika Misisi. Kilichosema kwamba yuko Misisi ni mfumo wa kompyuta, na mfumo huo niliusanifu mimi. Naomba Wilfried aachiliwe. Maneno ya watu wengine nitayaacha kama walivyoyatamka, ili pasiwe na shaka.

Mlalamikaji ni Mama Constance, muuza mawese katika soko la Baraka. Sokoni hakuna anayemwita Constance. Anaitwa Mama Gentille, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. Mama yangu mzazi naye huitwa Mama Arlette. Gentille alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na aliuza vitenge alivyoagiza kupitia Mulango, duka la mtandaoni la kampuni yetu. Mnamo tarehe 11 Novemba 2023 alipanda boti kwenda Ubwari, na boti hiyo ikapinduka. Miili sita ilipatikana. Wake haukupatikana. Familia ilikaa matanga bila kaburi.

Haya sikuyajua hadi juzi. Niliajiriwa Januari 2024, na katika mfumo wetu hapakuwa na mahali pa kuandika kwamba mteja amefariki. Akaunti ya Gentille ilibaki wazi, pamoja na picha yake, namba yake ya simu, na namba ya mama yake kama mtu wa karibu wa kuarifiwa.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuunganisha Mulango na Kibindo, yaani programu yetu ya kulipia kwa simu, ili oda ya huku na malipo ya kule yasomane. Katika kazi ya namna hii, swali la kwanza ni kujua kama mteja wa huku na mteja wa kule ni mtu mmoja. Niliweka kanuni. Namba ya simu ikilingana na jina likilingana, akaunti mbili zinakuwa moja. Namba ikilingana na jina likatofautiana, mfumo unasimama, na mfanyakazi anapiga simu kuuliza.

Jaribio la kwanza lilisimama mara 411. Sababu ilikuwa kwamba mawakala wa Kibindo huandika jina kama mteja anavyolisema: Papa fulani, Madame fulani, Mama fulani. Niliandika mstari mmoja wa kuondoa maneno ya heshima kabla ya kulinganisha majina. Nilipanga Monsieur, Madame, Papa na Mama kwa mfululizo, kana kwamba yote ni ya aina moja. Madame Arlette ni mimi. Mama Arlette si mimi. Tofauti hiyo naijua tangu nilipojua kusema, na siku ile sikuiona.

Mnamo Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, niliwasilisha kazi yangu mbele ya wakuu wa kampuni. Kusimama kwa mfumo kulishuka kutoka 411 hadi tisa. Mkuu wetu wa kiufundi, Bwana Roger, alisema mbele ya wote, "Huyu mutoto atatufikisha mbali." Nilirudi nyumbani kwa miguu ili njia iwe ndefu zaidi.

Ujumbe wa kupokea mzigo niliuandika pia mimi. Ule wa zamani ulisema kwamba oda yenye namba fulani imewasilishwa. Niliuona kuwa wa baridi. Wateja wetu wengi wako bara, barabara ni mbaya, na jamaa zao hukaa na wasiwasi. Kwa hiyo niliufanya ujumbe uzungumze kwa nafsi ya kwanza, uende kwa mtu wa karibu wa mteja, pamoja na picha ya mteja: "Ni mimi," kisha jina, kisha, "Mzigo nimeupokea. Niko salama." Tarehe 9 Septemba niliongeza na mji.

Sasa naeleza namna makosa hayo yalivyokutana. Namba ya simu ikikaa kimya kwa miezi, huuzwa upya. Namba ya Gentille ilinunuliwa mwezi wa Aprili huko Misisi na mfanyabiashara aitwaye Merveille. Merveille ana binti wa miaka minne ambaye jina lake ni Gentille. Alipojiandikisha Kibindo aliulizwa jina, akajibu kama wanawake wote wa kwetu: Mama Gentille. Mfumo ulikuta namba ileile. Ukaondoa neno Mama. Ukapata jina lilelile. Haukusimama. Tangu siku hiyo, kila Merveille alipopokea bidhaa, marehemu alimwandikia mama yake.

Mnamo Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, Wilfried alimkabidhi Merveille robota la vitenge. Wakati huohuo Mama Constance alipata ujumbe: "Ni mimi Gentille. Mzigo nimeupokea. Niko salama. Niko Misisi."

Saa nane mchana alikuwa ofisini kwetu. Alikuwa amevaa kitenge cha njano na mikono yake ilikuwa bado na mafuta ya mawese. Hawa, mpokeaji wageni, alikuwa amekwenda kuswali, kwa hiyo nilimpokea mimi. Sikuwa nikimfahamu. Aliweka simu mezani, akaigeuza taratibu kwa kidole ili picha initazame.

"Mwanangu, wewe njo unajua hii mashini?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, mimi ndiye niliyeitengeneza. Nilifurahi kuulizwa.

"Basi niangalilie. Huyu Gentille, iko?"

Nilifungua akaunti. Nilikuta kila kitu kimeunganishwa vizuri, oda na malipo, bila hitilafu. Nikasema, "Iko, mama."

"Iko kweli? Usinibembeleze."

"Iko. Hata leo ametumia. Mfumo haukosei kwa hiyo."

Mimi nilikuwa nazungumzia akaunti. Yeye alikuwa anamzungumzia mtoto. Kwa Kiswahili chetu cha huku neno ni hilohilo kwa kitu na kwa mtu, na yeye hakutamka neno kifo hata mara moja, wala mimi sikumwuliza Gentille ni nani kwake. Aliuliza ni nani aliyepeleka mzigo. Nilimwandikia kwenye karatasi jina la Wilfried na mahali anapoegesha pikipiki. Alikunja karatasi hiyo mara nne, akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akuongezee akili." Harufu ya mawese ilibaki mashavuni mwangu hadi jioni, na nilidhani ni jambo jema.

Ijumaa alfajiri, Mama Constance na mdogo wake wa kiume waliondoka kwa pikipiki. Yaliyotokea Misisi nimeyapata jana kwa Wilfried mwenyewe, nilipokuja hapa alasiri kuomba kutoa maelezo na Inspekta akaniruhusu kuzungumza naye. Walimkuta kwenye maegesho Jumamosi asubuhi. Mama Constance alimwuliza amempeleka wapi mtoto wake. Wilfried akasema hajui mtoto, mzigo alimpa Mama Gentille.

"Mama Gentille ni mimi," akamwambia.

"Nilicheka, madame," Wilfried alinieleza. "Kidogo tu. Nikamwambia, bamama Gentille bako bengi huku, mama, hata mujomba yangu iko na mumoja nyumbani. Watu bakacheka. Yeye hakucheka. Akatosha simu, akabaonyesha ile picha ya mutoto. Basi, bakaacha kucheka."

Alitaka kuwapeleka kwa Merveille, lakini Merveille alikuwa amekwenda Kilembwe kununua maharage. Mlango uliofungwa ukawa ushahidi. Wachimbaji wa dhahabu wa pale walimzunguka Wilfried, wakampiga. Jino lake la mbele limetoka na jicho la kushoto halifunguki. Aliniambia kwamba kila alipokuwa akipigwa, Mama Constance alikuwa akiwazuia kwa kusema, "Musimuue, hajasema bado." Jumapili Wilfried aliletwa hapa Baraka na kushtakiwa kwamba amemficha binti.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba, saa moja na nusu asubuhi, Hawa aliniuliza kwa nini Mama Gentille wa sokoni ametupeleka polisi. Nikamweleza kwamba alikuja kumtafuta binti yake. Hawa aliweka chini ufunguo aliokuwa ameushika.

"Binti gani? Gentille wa vitenge? Arlette, yule si alibaki ku maji?"

Nilikwenda kufungua kumbukumbu za mfumo. Nilihesabu jumbe saba, kuanzia tarehe 20 Juni hadi tarehe 12 Septemba. Nimeziambatanisha hapa kama kielelezo cha kwanza. Kisha nikagundua jambo jingine. Namba inayotuma jumbe zetu haipokelewi na mtu yeyote, lakini kila jibu linalofika huhifadhiwa kwenye jedwali. Jedwali hilo nililiunda mimi pia, na sikuwahi kulifungua. Mama Constance alikuwa amejibu jumbe sita za mwanzo. Majibu hayo ni kielelezo cha pili. Inspekta ameniomba niyasome kwa sauti ili yaandikwe, nami nimesoma haya manne:

Tarehe 20 Juni: "Gentille ni wewe?"

Tarehe 2 Julai: "Sitauliza mingi. Kula muzuri tu."

Tarehe 25 Julai: "Nikipiga unakata. Haina neno. Andika ile yako ya siku zote, inanitosha."

Tarehe 19 Agosti: "Nimevula nguo nyeusi. Bamama ba soko banasema niko na kichwa mubaya. Nabaacha. Baba yako hana tena hasira juu ya ile safari."

Mawili mengine naomba yabaki kwenye kielelezo. Ni ya mama na mtoto wake.

Siku hiyohiyo nilimpigia Merveille. Alikiri kwamba tangu Juni kuna mwanamke aliyekuwa akimpigia na kulia bila kusema neno, naye alikuwa akikata. "Nilizani ni muke wa mutu ananitafuta," alisema. Nilimweleza. Kisha akauliza kama abadilishe jina la mtoto. Nilimwambia kwamba jina halina kosa.

Jana saa sita mchana Bwana Roger aliniita. Aliniambia niandike rapport ya ndani, nisije hapa. "Kampuni itasema kosa ni la kampuni ya simu. Namba si yetu. Ukienda kule, unaenda kama wewe, si kama sisi." Ni kweli kwamba namba si yetu. Lakini kanuni yangu ya kwanza ingesimama na kuuliza. Mfanyakazi angepiga simu, Merveille angejibu, na jambo hili lingeishia hapo kwa dakika mbili. Aliyeondoa swali ni mimi, ili hesabu ya 411 ipungue mbele ya wakuu. Sitasema vinginevyo hata nikipoteza kazi, na nadhani nimekwisha kuipoteza.

Mstari wa kuondoa maneno ya heshima nimeufuta usiku wa kuamkia Jumanne, na kampuni imearifiwa kwa maandishi. Akaunti za wateja zimeanza kusimama tena, na Hawa anapiga simu moja baada ya nyingine. Akaunti ya Gentille sijaigusa, kwa agizo la Inspekta, kwa kuwa ni ushahidi.

Naongeza jambo la mwisho kwa kuwa niliapa kusema yote. Jana jioni Inspekta alimpelekea Mama Constance wito wa kufika hapa. Leo saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi jibu la saba limeingia katika jedwali. Nililisoma nikiwa njiani kuja. Linasema: "Gentille, polisi imeniita kesho. Banasema kuko mutoto muwanamuke atakuya kunieleza. Kama ni wewe, kuya bila woga. Nitaleta chakula."

Mutoto huyo muwanamuke ni mimi. Sina zaidi ya kusema. Nimesomewa yote yaliyo juu, nimeona kwamba yameandikwa kama nilivyoyatamka, na ninayakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: A. Asukulu Byaombe

Maandishi ya afisa:

Maelezo haya nimeyapokea mimi, Inspekta Jérémie Lukogo, afisa wa polisi wa upelelezi, Baraka. Shahidi alisimama mara mbili wakati wa kusoma kielelezo cha pili; alipewa maji, akaendelea. Vielelezo viwili vimepokelewa na kupigwa muhuri.

Mlalamikaji amearifiwa leo kwamba kuna maelezo mapya. Amesema hataondoa malalamiko kwa karatasi ya mtu yeyote. Aliyemwambia kwa mdomo kwamba mtoto yuko, na aje amwambie kwa mdomo. Nimekubali. Wilfried atabaki hapa hadi mlalamikaji amsikie shahidi. Daktari amekwisha kumwona. Merveille yuko njiani kutoka Misisi pamoja na mtoto wake.

Wote watakutana mbele yangu, ofisini humu, kesho Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, saa tatu kamili asubuhi. Shahidi ataanza kusema.