Kioo cha Kumulikia Nkubu

Kituo cha Jua, Mlimani
Jumapili

Kwako dada Kaari,

Sweta uliyonifumia naivaa hata nikilala. Huku maji ya ndoo huamka yameganda. Jua tunalichunguza mapema, kabla mawingu hayajafunika mlima. Mwambie Mama hatulikodolei macho: darubini hulimulika kwenye karatasi, nasi tunachora madoa yake kwa penseli. Yeye ndiye aliyesema kazi hii itanipofusha, na sasa macho yanayofifia ni yake. Nilianza kucheka, nikashindwa.

Umeniandikia kwamba amekataa kupasuliwa mtoto wa jicho hapo Nkubu, eti ameona ya kutosha. Ya kutosha gani? Kazi yangu hajaiona!

Mkubwa wetu, Bwana Ndambiri, ameniazima kioo kimoja cha kuelekezea jua. Basi mbembeleze Mama akubali. Akishafunguliwa bendeji, mtoe nje asubuhi, atazame mlima. Kila siku nitamulika upande wa Nkubu mpaka mawingu yanizuie.

Wewe utauona mwanga mapema, Kaari, lakini tafadhali nyamaza. Mwache aseme yeye kwanza.

Mdogo wako,
Karwirwa